Kwa Nini Nililiuza: Hotuba Kuhusu Magari ya Misuli ya Detroit

Hotuba hii ilitolewa Ijumaa jioni mbele ya Waswahili wa Detroit na vitongoji vyake, siku moja kabla ya magari ya kale kupita katika barabara ya Woodward.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wenzangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi wanangu mliozaliwa huku kwenye baridi, asalam aleikum na habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie magari ya zamani kwa sababu kesho ni Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ambayo tangu mwaka 1995 magari hayo hukusanyika kwa maelfu na kupita polepole hapo Woodward, hatua chache kutoka ukumbi huu. Ningeweza kuzungumza juu ya injini mpaka pilau ikapoa. Lakini mwaka jana kijana mmoja wetu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, na deni hilo limekuwa likinisumbua. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara likapita gari aina ya Pontiac GTO la mwaka 1968, la rangi ya kijani, nami nikajikuta nimesema kwamba niliwahi kuwa nalo kama lile. Kijana akapekua simu yake, akaona bei ya gari la namna hiyo hivi leo, akanigeukia na kuuliza, "Sasa mzee, kwa nini uliliuza?" Aliuliza kwa adabu, lakini ndani ya swali mlikuwamo lawama, kana kwamba nimeuza shamba la minazi kwa bei ya madafu.

Jibu langu ni fupi, ila maelezo yake ni marefu. Gari lile nililipata kwa sababu hapakuwa na mtu aliyelitaka, na nikalipoteza kwa sababu hiyo hiyo.

Naomba nianzie Mombasa. Mwaka 1964 nilikuwa na umri wa miaka kumi, na ami yangu alikuwa makenika mwenye gereji ndogo upande wa Mwembe Tayari, ambako mimi nilikuwa mtoto wa kushika spana na kutumwa chai. Pasaka ya mwaka ule mafundi hawakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa Safari Rali, kwa kuwa kampuni ya Ford ilikuwa imeleta kutoka Marekani kundi la magari ya Mercury Comet, marefu, mazito, yenye injini za silinda nane, kuja kushindana na Peugeot na Volkswagen katika matope ya masika. Gereji iligawanyika. Wengine waliapa kwamba hakuna gari litakaloziona hata taa za nyuma za Mmarekani. Ami yangu alitikisa kichwa na kusema kwamba injini kubwa ni kama mgeni mnene, ukimpokea huna budi kumlisha. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, tena nyuma kabisa, na ushindi ukachukuliwa na Peter Hughes na mwenzake Bill Young kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza. Ami alifurahi kwa wiki nzima. Mimi nilikata picha ya Comet gazetini, nikaibandika ukutani juu ya mkeka wangu, kwa sababu mtoto hupenda kitu kwa umbo na ukubwa wake, wala haulizi kama kilimaliza mashindano.

Sikujua wakati ule kwamba mwaka huo huo wa 1964, huku Michigan, mji wa Pontiac ulioko mwisho wa barabara hii hii ya Woodward ulikuwa ukitoa gari lililobadilisha mambo. Wanangu, mnapoliona jina la GTO msidhani lilizaliwa kwa baraka za wakubwa. Mapema mwaka 1963 uongozi wa General Motors ulikuwa umepiga marufuku vitengo vyake kujihusisha na mashindano ya magari, na kulikuwa pia na kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, kimojawapo cha vitengo hivyo, pamoja na wenzake wachache, walichukua gari la kawaida la familia lililoitwa Tempest, wakalitia injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokusudiwa magari makubwa. Kisha wakaikwepa kanuni kwa werevu ambao mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini ataufahamu: hawakuliandikisha kuwa gari jipya, bali waliliuza kama nyongeza ya hiari juu ya Tempest kwa dola zipatazo 295, na nyongeza haikuhitaji kibali kama kinachohitajika kwa gari jipya. Wakubwa walipotanabahi, oda zilikuwa zimekwisha kumiminika, na mwaka wa kwanza peke yake yaliuzwa zaidi ya magari 32,000. Jina lenyewe walilichukua kwa Ferrari bila hata kubisha hodi.

Hilo ndilo gari ambalo Wamarekani huliita la misuli: bodi ya wastani ya kubebea mke na watoto, injini kubwa kupita kiasi, na bei ambayo kijana anayefanya kazi kiwandani anaweza kuilipa kwa mafungu. Naomba msilichanganye na gari la anasa, kwa maana ndani viti vilikuwa vya plastiki, breki za wengi wao zilikuwa za dramu na hazikulingana hata kidogo na mbio zao, na kwenye kona gari lilikuwa kama jahazi lililopakia upande mmoja. Lakini kwenye mstari ulionyooka, na barabara za huku zimenyooka kweli, halikuwa na mfano. Plymouth walifuata mwaka 1968 na Road Runner, gari walilolivua kila pambo ili bei isifike dola 3,000, kisha hao hao waliobana matumizi wakailipa Warner Bros. dola 50,000 ili waruhusiwe kutumia jina na picha ya ndege wa katuni, pamoja na honi inayolia kama yeye. Chrysler walikuwa na injini ya Hemi, inchi za ujazo 426 na nguvu farasi 425. Kilele kilikuwa mwaka 1970, Chevrolet walipotoa Chevelle SS yenye injini ya inchi za ujazo 454, ambayo kwa hesabu za wakati ule ilikuwa na nguvu farasi 450. Hiyo ni lita 7.4, ndugu zangu. Ukichukua Vitz saba za lita moja zinazozunguka Nairobi na Dar es Salaam ukazifunga pamoja, bado hujafika.

Wapo watakaoniuliza kama Mustang ya Ford nayo ni gari la misuli. Hilo ni suala la fitina miongoni mwa wapenzi wa magari, na mimi sitaki fitina kabla ya chakula, ila nitasema kwamba mwenzangu mmoja kutoka Kisumu alikuwa na Mustang ya mwaka 1965 yenye silinda sita, umbo lake zuri kama la jogoo wa maonyesho, na kila mvua iliponyesha maji yaliingia kupitia chini ya kioo cha mbele yakajaa miguuni, mpaka sakafu ikaoza akawa anaiona lami akiendesha. Aliliuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Nalo pia leo lingekuwa na thamani.

Nilifika Detroit mwaka 1974, mwanafunzi mwenye sanduku moja na koti lisilofaa. Nilifika, kama isemavyo methali, mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji mwenyewe alikuwa mahututi. Oktoba mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilikuwa zimezuia mafuta yao yasije Marekani, na ijapokuwa zuio liliondolewa Machi mwaka 1974, bei ya galoni ya petroli, ambayo kabla ya hapo haikuwa imefika senti 40, ilikuwa imevuka senti 50. Watu walikuwa wamepanga foleni vituoni kwa zamu za namba shufwa na witiri za vibao vya magari. Rais Nixon alikuwa ametia saini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa nchi nzima, yaani kilomita 88, mwendo ambao gari la misuli huufikia kabla hujatia gia ya tatu. Na mafuta hayakuwa adui wa kwanza. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilikuwa imewalazimisha watengenezaji kupunguza mgandamizo wa injini ili ziweze kutumia petroli isiyo na madini ya risasi, na kampuni za bima zilikuwa zimekwisha kuwatoza vijana ada kubwa mno kwa magari haya, wakati mwingine kijana akijikuta analipia bima karibu sawa na lile fungu la gari lenyewe. Kufikia mwaka niliofika mimi, GTO ilikuwa katika mwaka wake wa mwisho, imegeuzwa kuwa gari dogo la kujikongoja. Miaka kumi tu, kuanzia kuzaliwa mpaka kuzikwa.

Kwa hiyo mitaani kulikuwa na magari ya misuli ya kila namna yenye vibao vya kuuzwa kwenye vioo, na hapana aliyesimama. Majira ya kuchipua ya mwaka 1975 nilikuwa nimeweka akiba ya dola 700 kwa kuosha vyombo katika mkahawa mmoja, nikitafuta gari dogo la maana la kunifikisha chuoni na kazini. Kijana mmoja wa Royal Oak aliyekuwa anatarajia mtoto wa kwanza alinionyesha GTO yake ya mwaka 1968. Alitaka dola 600. Nikakumbuka ami yangu na mgeni wake mnene. Nikakumbuka pia ile picha ya ukutani. Wanangu, nisiwadanganye: picha ilishinda.

Sasa mnisamehe nikikaa kidogo hapa, maana hili ndilo eneo langu. Rangi yake ilikuwa kijani iliyokolea, ambayo Pontiac waliiita Verdoro, na juani ilikuwa na chembechembe za dhahabu kama mgongo wa mbawakawa. Injini ilikuwa ya inchi za ujazo 400, nguvu farasi 350, gia nne za mkono. Bampa la mbele halikuwa la chuma cha kung'aa kama magari mengine ya enzi zake, bali la mpira mgumu uliopakwa rangi ya bodi, na katika matangazo ya wakati ule lilipigwa kwa nguvu likarudi katika umbo lake bila kovu. Kipimo cha mizunguko ya injini hakikuwa kwenye dashibodi. Kilikuwa nje, juu ya boneti, mbele ya kioo, hata ukiendesha kwenye mvua ulilazimika kukisoma kupitia matone. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza faida yake, wala sijawahi kupenda kifaa kingine cha gari kama nilivyokipenda kile.

Taa za mbele zilikuwa zimefichwa nyuma ya vifuniko vilivyofunguliwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, jambo la kupendeza sana katika mwezi wa Juni. Januari vifuniko viliganda. Mara nyingi cha kulia kilifunguka na cha kushoto kikakataa, nikawa napita mtaani kama mtu anayekonyeza wake za watu, mpaka siku moja askari akanisimamisha, akalitazama gari, akanitazama mimi na koti langu, akaniachia huku akicheka.

Na sauti yake. Ukiliwasha asubuhi, kabureta likiwa bado na baridi, lilikuwa likikohoa mara mbili, kisha linatulia katika mngurumo wa chini usio na haraka, ambao uliusikia kifuani kabla ya masikioni, kama ngoma ya msondo inapopigwa nyumba ya tatu. Usiku wa Jumamosi nilikuwa nikipanda Woodward kuelekea kaskazini, madirisha wazi, nikiwa na mafuta ya dola tatu tu, na kwa kuwa lilikula galoni moja kwa maili kumi, nilijua kwa hakika ni mahali gani pa kugeuza ili nifike nyumbani. Katika barabara hiyo, miaka michache kabla yangu, hata wahandisi wa viwanda walikuwa wakileta magari yao usiku kuyajaribu dhidi ya vijana wa mtaani. Mimi nilishindana mara moja tu, nikashinda, na nikaogopa kiasi kwamba sikurudia.

Februari mwaka 1977 pancha ilinikuta usiku kwenye theluji. Jeki za wakati ule zilikuwa ndefu, za kunasa kwenye bampa, na juu ya barafu hazikuaminika. Iliteleza, ikaliparuza gari nyuma, upande wa kushoto, chini ya mdomo wa buti, ikaacha kovu la urefu wa kidole. Sikuumia hata kidogo, ila nilikaa juu ya theluji nikalia. Naona aibu kusema kwamba sijawahi kulilia kitu kingine cha chuma.

Jirani yangu wakati huo alikuwa mzee mmoja Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa kiwanda cha Dodge cha Hamtramck, ambako Challenger ziliundwa kuanzia toleo la mwaka 1970. Yeye alikuwa ameinunua moja iliyopita katika mstari wao wenyewe, yenye injini ya inchi za ujazo 440 na kabureta tatu, na alikuwa akinionyesha nati ambazo, kwa kauli yake, huenda alizikaza kwa mkono wake. Alinifundisha kupaka mafuta machafu ya injini chini ya gari kila Novemba ili chumvi isile chuma. Alipopunguzwa kazini mafungu yakamshinda, na asubuhi moja wakaja waliomkopesha wakalivuta. Alisimama barazani na kikombe cha kahawa mpaka lilipokata kona, hakusema neno. Kiwanda chenyewe kilifungwa Januari mwaka 1980, na baadaye kikabomolewa. Ninapomsikia mtu akisema kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga kwa kuyaachia magari haya, humkumbuka mzee yule, ambaye alilijua lile gari mpaka nati zake na bado hakuweza kulizuia lisiondoke.

Langu mimi liliondoka mwaka 1979. Chumvi, pamoja na mafuta machafu yote niliyopaka, ilikuwa imekwisha kula chasisi nyuma ya magurudumu. Mapinduzi ya Iran yalikuwa yamepandisha tena bei ya petroli na foleni zilirejea. Petroli ya daraja la juu yenye risasi, ambayo injini ile haikuwa na raha bila hiyo, ilianza kuwa ya kutafutwa, kwa sababu magari mapya tangu toleo la mwaka 1975 yalikuwa yakitumia isiyo na risasi. Hata hivyo ningelivumilia. Lakini mwezi wa Mei ilifika simu ya maandishi kutoka Mombasa kwamba baba hali yake si nzuri. Nauli ilinipita kwa mbali. Nilimwita mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa amelitazama gari lile kwa muda mrefu, akanipa dola 450, akaondoka nalo jioni. Taa ya kushoto ilikataa kufunguka, na ndivyo nilivyoliona mara ya mwisho.

Baba nilimkuta hai, tukakaa pamoja wiki tano. Picha ya gari niliyokuwa nimempelekea aliiweka kando ya kitanda, na jambo la pili aliloniuliza, baada ya kuuliza kama nimekula, lilikuwa gari liko wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba ami yangu alikuwa sahihi kuhusu mgeni mnene, lakini mgeni huyu angalau amelipa alichokula.

Kijana wangu, nimekuona umekaa pale nyuma. Bei uliyoiona kwenye simu ni ya kweli, na zipo zinazozidi hiyo mara nyingi mno. Mwaka 2014 Plymouth Barracuda moja ya mwaka 1971, yenye injini ya Hemi na paa la kukunja, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Lakini ziliundwa chache zisizofika dazeni moja, na hata hizo chache zilikosa wanunuzi wakati wake. Nyingi ya zilizopanda bei zilipanda kwa sababu nyingine zilioza, ziligongwa, zilikamatwa kwa madeni au ziligeuzwa nauli. Kama sote tungeyatunza magari yetu, leo yangekuwa magari makuukuu ya kawaida, na wewe usingekuwa na swali la kuniuliza. Nililiuza kwa kuwa mwaka 1979 nilikuwa na baba mgonjwa na gari lililooza, na kati ya vitu hivyo viwili hakikuwapo hata kimoja kilichoonekana kuwa ni hazina ila baba.

Kesho nitakuwa Woodward, kona ya Nine Mile, kuanzia saa nne asubuhi, nikiwa na kiti cha kukunja, chupa ya chai ya tangawizi na mahamri ya mke wangu, ambayo nawaarifu mapema kwamba yamehesabiwa. Atakayekuja aje na kiti chake. Nawe kijana usikose, kwa sababu magoti yangu hayakimbii tena: likipita la kijani lililoficha taa zake, nitakuomba ulifuate mpaka litakaposimama kwenye taa nyekundu, uliinamie nyuma, upande wa kushoto, chini ya mdomo wa buti, kisha urudi uniambie umeona nini.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.